Wasimamizi

Padre Sekiete kanipa daftari jipya na kalamu mbili nyeusi:
"Nakili yote, Eunike, kabla mchwa hawajamaliza kusoma."
Mchwa wa Ngamiani wasomi.
Wamekula pembe za mwaka thelathini na moja,
wakauacha wino wa karani Kolumba Mngodo,
mchungu, nadhani, kama mwenyewe.

Naketi sakristia, dirisha wazi kwa joto la Tanga,
ubani wa Jumapili bado umeganda kwenye kanzu za watumishi.
Nasoma kwa kidole:
Mbondei wa Muheza, fundi cherehani.
Mnyasa, mkata mkonge, kambi namba nne.
Mhehe, mkata mkonge. Mmakonde, mkata mkonge,
mkewe "hakufika, ana homa".
Walikuja Mtakatifu Perpetua na miiba viganjani,
wakapokea mkate kwa mikono ile ile.
Hilo Kolumba hakuliandika. Alilisema bibi yangu,
aliyewachokoa miiba kwa sindano ya kushonea
barazani, baada ya ibada, akiwagombeza.

Bati la kwanza lilinunuliwa kwa mayai.
Nimekuta hesabu: mayai mia sita na kumi, mabovu manane,
na pembeni, kwa hasira: "Nani kaleta haya manane?"
Hata leo mnada hauishi. Jumapili iliyopita
jogoo mmoja kauzwa mara tano; kila aliyeshinda
alimrudisha mezani: "Auzwe tena, choo cha watoto hakijaezekwa,"
mpaka jogoo akachoka kuwa sadaka,
akarukia kinanda kilichonyamaza tangu mvua za elnino,
na kinanda, jamani, kikatoa sauti.
Moja tu. Tukapiga makofi.

Ukurasa wa tisini na mbili. Hapa nimekwama siku tatu.
Jumamosi Kuu, 1947. Mtoto wa kiume, wa siku chache,
aliokotwa benchi la daraja la tatu, stesheni ya reli.
Jina: Benedikto.
Baba, mstari. Mama, mstari.
Yote miwili imechorwa kwa rula, haikutetemeka.
Halafu, kwenye wasimamizi, panapotosha majina matatu,
Kolumba, bahili wa wino, kaandika:
kanisa zima.

Ndiye Mzee Stesheni tuliyemjua,
mpiga kengele miaka hamsini na tisa, kamba ya mkonge mkononi,
aliyefukuza watoto kwenye mzambarau wa padre mchana
na kuwagawia zambarau jioni, kwa kofia yake.
Alipolazwa Bombo, zamu zilibandikwa mlangoni:
uji, Umoja wa Mama; kumgeuza, vijana wa kwaya;
usiku, yeyote asiyepata usingizi.
Majina yalijaa, tukaongeza karatasi kwa gundi.

Alipokufa nilifungua daftari la maziko.
"Mfiwa ni nani?" nikauliza uani.
Kimya. Kila mtu akamtazama mwenzake kwa adabu.
Ndipo Bi. Mwanakombo, wa nyumba inayopakana na ukuta wetu,
aliyempelekea futari mfungo kwa mfungo,
akatua sufuria ya wali, akafuta mikono kwenye kanga:
"Niandike mimi. Nyie wengi mno, na nafasi yenyewe finyu."

Nikaandika. Mwanakombo binti Shekue, jirani.
Wazee wa kanisa wawili wakakohoa.
Padre hakukohoa.

Leo nanakili. Pale mchwa walipokula, jina silibuni;
nachora mstari kwa rula,
ila mkono wangu si wa Kolumba.
Nje, binti wa Mama Hoza anajifunza kengele.
Kachelewa dakika nne, kaning'inia kambani kwa uzito wote,
kiatu kimoja kimemtoka,
na Barabara ya Kumi na Mbili nzima imeshajua ni yeye.