Mita Moja na Milimita Sitini na Saba

Dirisha langu la tiketi linafunguliwa saa mbili,
treni iwepo, isiwepo.
Nafuta vumbi la kaunta, nachonga penseli,
naandika tarehe kwenye daftari
na chini ya tarehe: hakuna.

Nje, mbele ya stesheni, Hiace ya Mwepu
imeegeshwa upande wa kivuli.
Ubavuni ina maandishi aliyoyakuta alipoinunua,
herufi za buluu zilizosimama kama vijumba vya vijiti.
Ameipaka rangi mara mbili, mbele na nyuma,
ubavu hajaugusa.
"Dada Nsenga," ananiambia,
"neno usilolijua halifutwi. Huenda ni jina la mtu."

Mwezi wa tano alipita kijana wa Kamalondo,
Kaumba, aliyesomea mambo ya migodi Japani miaka minne.
Akainama, akasoma kwa kidole, akacheka peke yake.
Basi la stesheni, alisema. Mlango wa kaskazini.
Bure kwa wageni wa hoteli.

Bure! Mwepu alikasirika kidogo.

Kaumba akatueleza stesheni yenyewe:
njia kumi na nne chini ya paa moja,
chini ya ardhi treni nyingine, na chini yake nyingine tena,
mabasi mlangoni yakijua ni nani anashuka na saa ngapi,
watu laki kadhaa kabla ya chai
na hakuna anayemkanyaga mwenzake.
Mtu mwenye glovu nyeupe anainyooshea saa kidole
na kuiambia kwa sauti: sawa.
Treni ikichelewa dakika tano
wanakupa karatasi, umwoneshe bosi wako.

Tulinyamaza.
Nilikuwa nawaza ni karatasi ngapi ningeandika
kwa treni ya Kindu peke yake.

Jioni nilimpelekea baba habari hiyo pamoja na bukari na sombe.
Baba, mzee Kisimba, miaka thelathini na mmoja
akivuta mkono wa chuma wa kubadili njia:
huku Sakania, kule Likasi mpaka Tenke,
na pale Tenke reli inapasuka,
moja Dilolo, moja Kamina.
Anayataja kama mtu anayehesabu watoto wake
pamoja na waliokufa.
Hakuuliza habari za glovu wala saa.
Aliuliza: "Reli zao zina upana gani?"

Sikujua. Nilimpigia Kaumba.
Za treni za kasi ni pana, alisema,
ila zile za zamani, zile za watu wote,
ni mita moja na milimita sitini na saba.

Baba alirudisha tonge sahanini.
Akapiga magoti, akavuta chini ya kitanda kipimo chake cha chuma
ambacho shirika lilisahau kukidai
kama lilivyosahau kumlipa,
akakilaza sakafuni kati yetu.
"Basi," akasema, "ni huu huu."
Akakaa akikitazama ncha ya mbali
kama vile kulikuwa na mtu ameishika.

Treni ya Kindu iliingia Jumatano usiku wa manane,
siku kumi na moja baada ya ile niliyoandika kwa chaki.
Mbuzi, madumu ya mawese, godoro, baiskeli isiyo na gurudumu,
na mama mmoja mwenye kitoto kilichozaliwa njiani
baada ya Kabongo, gizani, behewa likiwa limesimama.
Alikuja dirishani kwangu kabla ya kutoka.
"Huyu naye, tiketi yake iko ngapi?"

Nilipekua kitabu cha kanuni. Hakuna.
Nikaitazama saa ya ukutani,
imesimama tangu sijaolewa.
Halafu nikaandika daftarini:
Kabongo–Lubumbashi, mmoja, mgeni, bure.

Nje Mwepu alikuwa amekwisha fungua mlango, anaita,
"Kenya, Katuba, Ruashi!",
herufi za buluu zikielekea kwenye behewa.
Aliwapeleka hadi Katuba.
Sikumwuliza kama alilipisha.