Kukata Behewa

Kipande ni kidogo kuliko punje ya choroko.
Kimetoka titi la kushoto la mama mmoja wa Ulyankulu,
na umeme wa Tabora leo una adabu.
Nakigandisha hadi kinalia kama kioo,
nakichana wembamba wa ngozi ya kitunguu,
nakipaka rangi, zambarau na waridi.
Halafu naziba pumzi.
Hata jasho la kidole hula ujumbe huu,
huula kabla hujamaliza bismillahi.

Wanaodhani uvimbe ni saratani tupu
hawajauchungulia.
Ni stesheni usiku wa treni kuchelewa:
mafuta yamelala juu ya mizigo,
mishipa inachuuza maji,
askari weupe wamefika na virungu, wamesimama tu,
hawajui wamkamate nani.
Ukiwasikiliza wote kwa pamoja
utaandika kelele, useme ni lugha.

Baba yangu, Mihambo, alikuwa mkata mabehewa
hapa hapa, reli zinapoachana:
hili Kigoma, hili Mwanza, hili Mpanda.
Taa mkononi, sikio kwenye chuma.
"Kosea behewa moja," alisema,
"chumvi ya Uvinza ilale Mpanda, na wewe ulale nje."

Mimi nina mwale wa mwanga, mwembamba kuliko unywele.
Naizungushia seli moja, nakata, inadondoka kichupani.
Moja. Tena moja.
Viini vikubwa, vilivyopinda, vyenye haraka.
Mia tatu na kumi, macho yanachuruzika,
adhana ya alasiri imepita,
chai imeota ngozi.

Zilizobaki ni za kutupwa.
Hapo ndipo mkono unaposita.
Maana hizo ndizo zilizokuwa upande wake,
zilizowanyonyesha Kulwa na Doto,
zilizoukimbilia moto na ndoo tupu.
Ili nimsikie mvamizi peke yake
sharti nimnyamazishe mwenye nyumba.

Juzi alikuja kutolewa nyuzi, Bi Kalunde,
akanikuta koridoni.
"Wewe ndiye unayezitazama? Hebu niambie,
zinafanana na nini?"
Nikatafuta mnyama. Nikatafuta mdudu.
Nikamwambia ni mapema mno, tusubiri majibu.

Zinafanana na wewe, mama.
Zimejifunza kwako kila neno,
ila moja tu:
"Basi."