Fomu ya Mikwaruzo

Alifungua mlango wa kushoto, akaketi,
akanyoosha mikono, akakamata hewa.
Usukani uko huku, Bwana Matiyazi,
kwetu dereva hukaa kuumeni.
Mkewe akacheka hata akaegemea ukuta.

Lakini fomu kwanza. Karatasi ina picha ya gari
lililolala wazi kama samaki aliyepasuliwa aanikwe:
ubavu huu, ubavu huu, paa, boneti.
Kila mkwaruzo tunautia msalaba
ili siku ya kurudisha asidaiwe cha mwenzake.

Hapa, taa ya nyuma: mbuzi wa Gongoni.
Hapa, bampa: mteja wa Bologna aliyesalimiana na mnazi.
Na hapa, chini ya kitasa cha dereva,
mstari wa shubiri moja.
Huu? akauliza, kalamu hewani.
Wa zamani, nikasema. Tia alama.

Sikumwambia ni ufunguo wa marehemu Thoya,
usiku wa mvua ya Mei, stima imepotea Maweni yote,
anatafuta tundu gizani, mkono unamtetemeka,
nami nimeegemea boneti naiuma leso,
Jumwa hataki kungoja hospitali.
Fomu haina nafasi ya hayo.
Ina kisanduku.

Shika kushoto, nikamwambia, shika kushoto.
Ukiona lori la chumvi linakujia
usikimbilie upande mliouzoea kwenu;
huko ndiko linakokuja.
Akaitikia kwa kichwa, akaondoka,
na kila alipotaka kukata kona
akawasha waipa.
Jua la utosi, kioo kikavu, krr, krr,
na waendesha bodaboda wakimpungia mkono
wakidhani anawasalimu.

Gari dogo la manjano halifichiki.
Siku tano nililetewa habari bila kuuliza:
Kibiriti chako kiko juu ya daraja la Sabaki,
kimesimama katikati, mgeni anapiga picha tope.
Kibiriti chako kinasukumwa Mambrui na watoto wa chuo.
Kibiriti chako kimezama mchangani njia ya Marafa,
mzungu amekaa kwa mama mmoja anakunywa uji,
anangoja trekta, wala hana haraka.

Siku ya sita nikasikia waipa kabla ya injini.
Kimeoshwa. Kimepigwa nta.
Ubavu wa kuume unang'aa kama sinia la harusi.
Matiyazi akashuka na maneno aliyoyakariri njiani:
Mama Jumwa, pole. Miiba ya Marafa, mlango wote.
Nimelipa fundi. Fundi mzuri.
Sasa hakuna alama. Alama sifuri!
Akaupitisha mkono mlangoni kama anayeuza farasi.

Nikachukua fomu, nikainama.
Msalaba upo karatasini. Mkwaruzo haupo.
Nikapapasa chini ya kitasa, kama Thoya gizani:
laini, laini,
kama kwamba usiku ule hakuna aliyetoka nyumbani.

Ungesema nini? Mtu amelipa deni ambalo hukumdai,
kwa pesa yake, kwa moyo mweupe, na kucha zina rangi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga.
Hawakusema kama mwenyeji
aliomba dawa.

Nikamhesabia amana yake noti kwa noti.
Akanyoosha mkono apewe na fomu, aiweke ukumbusho.
Hiyo ni ya ofisi, nikasema.
Ofisi ni mimi na kijaluba cha risiti,
lakini alikubali, wakaenda, yeye na mkewe, kwa miguu,
wakivuka barabara ya Lamu wakitazama upande usio.

Jioni nikapita kwa Ngumbao, fundi wa rangi.
Nikamuuliza kama rangi ile yaweza kubanduliwa,
pahali padogo tu, shubiri moja, taratibu.
Akaweka chini brashi, akanitazama.
Mama, hii? akasema, kifua mbele.
Hii haibanduki.
Nimekupa dhamana ya miaka mitatu.