Kwa Karani wa Kadi ya Chakula

Bwana Dahlgren,
nakuandikia juu ya usukani, injini nimeizima
nisije nikachoma petroli nitakayoulizwa baadaye.
Nje ni nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Kalamu imegoma mara mbili, naipasha kwapani.

Barua yako imefika Jumanne: kipato changu kimepanda.
Niliisoma nimesimama jikoni,
nikatazama huku na huku kukitafuta kilikopandia.
Alikuwepo Aila, mwanangu, anakwangua siagi ya karanga
kwa mpini wa kijiko, maana kichwa cha kijiko hakifiki chini.
Alikuwepo paka.

Dola mia mbili na kumi na tano ndizo zilizoniponza.
Ngoja nikuoneshe zilikopita.

Kutoka Eveleth hadi kwa Bi Orpha Skalko, maili kumi na tisa.
Ana mtungi wa oksijeni, na mbwa anayeuchukia mtungi.
Namwosha, nahesabu vidonge, naondoka.
Kutoka kwake hadi kwa mzee Toivo, ishirini na sita,
nane kati ya hizo ni changarawe chini ya barafu,
na paa hukatiza bila kutazama kushoto.
Njiani silipwi saa. Nalipwa maili,
senti hamsini kila moja, mwezi ukiisha,
kwa mafuta niliyokwisha kuyanunua mwenyewe.

Yaani nilikopesha.
Mimi, ambaye tairi langu la mbele lina kipara,
niliikopesha kampuni siku thelathini bila riba,
na siku iliponilipa deni langu
wewe ukaniandika tajiri.

Pesa ile ilikuwa mgeni asiyefika siku ya tatu akapewa jembe.
Iliingia benki Ijumaa alfajiri;
saa moja asubuhi imeshateremka tangini, kituo cha Lundgren,
pampu namba nne, ile inayokwama.
Ukimtuma mtoto dukani na noti mkononi,
mtaani kote atapita nayo, lakini noti si yake.
Hata Aila analijua hilo, na ana miaka sita.

Kosa si lako peke yako.
Hati yangu ya mshahara ina mstari mmoja tu: malipo.
Ujira na maili wamevipika chungu kimoja,
nawe ukakipima chungu.
Nilimpigia Darlene wa uhasibu nikamwomba avitenganishe.
Akasema, kompyuta ndivyo ilivyo,
kwa sauti ya mtu anayezungumzia theluji.

Kwa hiyo themanini na nane zimekatwa kwenye kadi.
Nimejaribu kuzifikiria kama tarakimu, nimeshindwa.
Ni maziwa. Ni mayai, na yale machungwa madogo
Aila anayoyapanga dirishani kabla ya kuyala.

Bi Orpha alinishauri niache kazi, kadi irudi.
Nikamuuliza, na nani atakufunga soksi?
Akanyamaza. Mbwa akabwekea mtungi.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
basi daftari hili hapa, tarehe, nyumba, maili za kwenda,
na risiti kumi na moja.
Ya tarehe tisa imefifia, ielekeze kwenye taa utaisoma.
Ya tarehe ishirini ina farasi nyuma, kwa kalamu ya rangi.
Huyo si mali yangu ya kutangazwa. Ni mchoro.

Najua una rundo mezani.
Siku ile nilipokuja ulikuwa na plasta kidoleni,
ukaniuliza kama barabara ya kwetu imekwanguliwa theluji.
Ilikuwa bado. Hata leo bado.

Nakala nimezitoa maktaba, senti kumi kila ukurasa,
kurasa ishirini na tatu:
dola mbili na senti thelathini, kutoka mfukoni mwangu.

Usinirudishie, Bwana Dahlgren.
Nakuomba sana, usinirudishie.

Kirsi Lahtinen