Robo Mzunguko wa Spana

Mimi ni fundi bomba. Tangu chanzo kule juu, kwenye mianzi,
hadi koki ya mwisho uani kwa Mwalimu Kasyupa,
mabomba yote ya Kyimbila nayajua kwa sikio:
linalovuja huimba,
lenye hewa hukohoa.

Basi Bupe aliponiamsha usiku,
"Baba Subilaga, mtoto ananguruma kichwani,"
sikucheka.
Nililaza sikio utosini,
panapodunda kama koo la chura,
nikasikia: shuu, shuu, shuu.
Maji ya presha. Hayana koki.

Miezi minne. Kofia ya sufu aliyofumiwa kwa baridi ya Juni
ilikwama juu ya masikio.
Huyu atakuwa na akili, walisema majirani.
Akinyonya hutoka jasho kama mbeba magogo,
huachia ziwa, huhema, hurudi.

Kliniki, muuguzi alizungusha tepu, akaandika,
akazungusha tena.
Nukta ya kalamu ikaangukia nje ya mistari ya kadi.

Mbeya, Rufaa, Daktari Mwandemele
alimsikiliza kifuani, kisha kichwani,
na uso wake ukaniambia kasikia nilichosikia.
Akachora nyuma ya risiti:
damu hutoka moyoni kwa nguvu,
hugawanyika kwenye vijishipa vyembamba, hutulia,
ndipo irudi.
"Kwa mwanao, hapa, vijishipa havipo.
Bomba kuu limeungana moja kwa moja..."
"Na la kurudishia," nikamalizia.
Akanitazama. "Na moyo?"
"Pampu," nikasema. "Inajaza tenki lisilo na kitako."

Bupe akauliza ni nini alikula, ni nini alibeba,
nani alimkosea akiwa na mimba.
Hakuna, mama. Hakuna. Hakuna.
Mara tatu, na sidhani kama imemfikia hata moja.

Dar, wanasema, yupo apenyezaye mrija kama uzi
kupitia pajani, mdogo mdogo hadi kichwani,
akaziba pale.
Huenda ikashika.
Wengine hubaki na degedege. Wengine, alisema,
akaacha sentensi njiani.

Pikipiki nimeuza. Alfajiri tunaondoka, ukungu umekaa kwenye chai.
Subilaga kalala kifuani kwangu, kichwa chini ya kidevu,
nasikia safari nzima ya damu yake.

Vijiji vitatu nimevifungia maji kwa mkono huu,
robo mzunguko tu.
Mfukoni nina spana.
Sijui kwa nini nimeibeba.