Timazi

Walinikalisha kwenye kiti kile kile
alichokalia binti yangu asubuhi,
wakanifunga mkanda kifuani kama mtoto garini,
wakazima taa.

Gizani ukatokea mstari wa mwanga, mwembamba,
umezungukwa na fremu ya mraba, nayo yang'aa,
imelala upande kama mlevi aliyeegemea ukuta.
"Usimamishe mstari," alisema Daktari Arpine. "Wima kabisa.
Fremu usiijali."

Mimi ni mwashi. Nimeijenga Yerevan
kwa mawe yake ya rangi ya waridi, safu juu ya safu,
miaka thelathini na mmoja,
na hakuna ukuta wangu uliowahi kuitwa mlevi.
Nikazungusha kirungu. Nikaridhika.
Nikasema: tayari.

Nyuzi saba. Nilikosea kwa nyuzi saba.
Na nyuzi saba, ukifika ghorofa ya tano, ni mazishi.

Tsovinar alikosea kwa nusu ya uzi.
Ana miaka kumi na saba, hajawahi kushika mwiko.

"Kichwa chako kinayaamini macho," daktari akasema, si kwa ubaya.
"Chake kinauliza nyayo kwanza, na makalio, na shingo,
na yale maji kidogo yaliyomo ndani ya sikio."

Nikaukumbuka mwaka wa kwanza:
Kocha Hrachya akimfunga kitambaa cheusi machoni,
akimning'iniza kwa kamba juu ya trampolini,
akimpindua, akimzungusha, kisha akimuuliza,
Dari iko wapi?
Na mtoto ananyoosha kidole
sakafuni, mlangoni,
kwangu mimi.
Nilitaka kumrudisha nyumbani.

Na siku ile ya jukwaa la mita kumi, akiwa na miaka kumi na minne,
alipopotea hewani
akaliangukia bwawa kwa mgongo.
Mlio wake ninao bado:
bamba la jiwe likidondoka kwenye zege.
Wiki mbili hakusema neno. Ya tatu akapanda tena.
Sasa anajibiringisha mara tatu na nusu
na ndani yake kuna kitu kinaning'inia, kimetulia.

Thelathini na mmoja, natundika timazi,
nikidhani wima ule ni wangu.
Kumbe ulikuwa wa uzi na risasi.

Jioni tulikula supu ya dengu. Nyuzi saba hakuzitaja,
ila mara mbili alikitazama kiti changu, akabana kicheko.
Ukutani picha ya mama yake
imepinda tangu Februari.
Anapita chini yake kila siku, hajaiona.
Waliomfundisha kutoijali fremu
walimfundisha sana.

Nikainuka kuinyoosha, kwa jicho tu, mikono mitupu.
Kidogo huku. Kidogo kule.
Nikarudi nyuma hatua mbili, nikaikagua.

"Lete timazi, baba," alisema,
amenipa mgongo, anasuuza vikombe.