Kwa Aune, Aliyenitangulia

Aune, tuliuandika juu ya meza yako.
Samahani. Haikuwepo nyingine.
Wakili alitandaza karatasi pale ulipokuwa ukikanda mkate wa shayiri,
na alama ya sufuria yako, lile duara jeusi lisilofutika,
ikawa imekaa kando ya neno talaka.

Sijui nikuite nani. Mke mwenza huwa hai.

Nilikuja msimu mmoja kuchuma matunda ya porini,
ndoo mbili, mbu, goti limevimba,
na Taisto akaniona nimefunga viatu kwa kamba ya katani
akaniletea buti za mpira.
Zako. Zilinitosha.
Mengine usiniulize.

Raili, binti yako, alikuja na orodha.
Msitu, hekta arobaini. Sauna ya ziwani.
Trekta. Saa ya ukutani ya babu yake.
Vijiko vya fedha kumi na kimoja,
maana cha kumi na mbili kilizama ziwani
kiangazi alichokuwa na miaka sita;
hilo nalo ilibidi nitafsiriwe.
Alisoma huku akinitazama mikono,
kama mtu ahesabuye kuku mbele ya kicheche.

Mkalimani, kijana wa Khon Kaen, akaninong'oneza:
"Mama, wanasema ukiachwa huondoki na kitu.
Akifa, hurithi kitu.
Ila nyumbani humu utakaa, hawawezi kukutoa."
Kisha, kwa sauti yake mwenyewe:
"Kataa."

Nikamwambia, waeleze kwamba nami nina orodha.

Wakanyamaza wote. Hata friji yako.

Nikatoa mkobani hati ya shamba la mpunga,
ekari tano, kisima kimoja, muhuri mwekundu wa garuda.
Bunlue alilinunua kwa miaka tisa ya kubeba zege Bangkok
na hakulivuna hata mara tatu.
Andika, nikasema:
huyu mwanamume akiniacha, haondoki na punje.
Nikifa, ni la Phanu na Duangjai.
Yeye apewe kofia yangu, akiitaka.

Taisto alicheka hadi meno ya bandia yakamlegea.
Wakili hakucheka; aliuliza "kisima" kinaandikwaje.
Raili akainua macho kutoka mikononi mwangu,
akaondoka, nikadhani amekasirika,
akarudi na birika la kahawa
akaanza kumimina kwenye kikombe changu.

Mashahidi wawili waliitwa kutoka kwa jirani,
wakavua viatu mlangoni, wakatia saini, wakala keki.
Niliolewa Ijumaa iliyofuata.
Usiku ule Taisto aliniambia kwa maneno yangu machache
na yake machache zaidi:
wewe hukunitaka msitu. Basi umenitaka mimi.
Nikamjibu: nawe hukunitaka mpunga.
Tukalala kama watu waliokwisha kulipana.

Miaka kumi na mmoja, Aune.

Machi hii theluji ilikuwa bado juu ya paa la sauna
Raili aliporudi na orodha ileile, imekunjwa mara nne.
Msitu upo. Trekta ipo, haiwaki. Saa ipo.
Akavuta droo, akahesabu.
Akahesabu tena.
Kumi.

Nikasema: kimoja kilibaki hospitalini Kajaani,
ndani ya bakuli la uji.
Alikikataa kile chao cha plastiki.
Nilikiacha pale. Sikuweza kukirudia.

Alishika kalamu muda mrefu.
Kisha akafuta, akaandika kumi,
akaniuliza kama nimekula.

Sasa ni Julai, kinamasi kimekauka kiasi cha kupitika.
Buti zipo nyuma ya mlango.
Nimesoma mkataba wote, kurasa zote mbili, kwa miwani yake:
hazikutajwa. Si kwenye orodha yake, si kwenye yangu.
Ya kushoto inavuja.
Nimeiziba kwa gundi, nazivaa, natoka.